Mlango wa Ndege Wawili

KITUO CHA POLISI, MJI MPYA WA SAFA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rauya Mutawalli Shihata
Umri: miaka 24
Kazi: mama wa nyumbani, zamani mchora nakshi katika karakana ya baba yake, Dumyat
Makazi: Mtaa wa Tatu, jengo namba 48, ghorofa ya tatu, nyumba namba 11, Mji Mpya wa Safa
Uhusiano na wahusika: binti wa mlalamikaji, mke wa mtuhumiwa
Tarehe na saa: Jumamosi, 11 Machi 2017, saa 4:10 asubuhi
Mchukua maelezo: Luteni Usama Fikri

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Sikuitwa na mtu, na baba yangu aliyekaa hapo nje kwenye benchi hakujua kwamba ninakuja mpaka aliponiona nikipita. Bwana afisa ameniambia niseme kweli tupu na nisiongeze chumvi. Nimemwambia chumvi sina, nina maneno tu, na nimeyakalia siku nne mpaka yamenichosha.

Mume wangu, Haitham Zaghlul, yuko mahabusu tangu jana Ijumaa saa kumi jioni. Anatuhumiwa kuharibu na kuuza mlango mmoja wa kabati la chumba cha kulala, mali iliyomo katika orodha ya vitu vya ndoa yangu, orodha ambayo aliitia sahihi kwamba amevipokea kama amana. Hakuharibu yeye, wala hakuna aliyeuza. Niliukata mimi. Nitaeleza toka mwanzo, maana nikianzia katikati nitaonekana mwendawazimu.

Mimi ni mtoto pekee wa Fundi Mutawalli Shihata, mchonga samani wa Dumyat. Kwetu Dumyat msichana akizaliwa watu husema mbao zimepata mwenyewe. Baba alianza kuchonga samani za chumba changu nikiwa na miaka saba. Mwaka huu kichwa cha kitanda, mwaka ule meza ya kujipambia, mwaka mwingine upande wa kabati. Kipimo alichotumia ni cha chumba chake na mama katika nyumba ya babu, chumba ambacho ukisema neno mlangoni linafika dirishani limechoka. Watu wengine hupima nyumba kwanza, ndipo wakachonga. Baba alichonga kwanza, ndipo akatafuta mkwe.

Nikiwa mdogo nilishinda karakanani. Mimi nachora kwenye karatasi, baba anachonga. Alinifundisha pia kukata mbao nyembamba kwa msumeno wake mdogo wenye mgongo wa shaba na mpini wa mkunazi. Alikuwa akisema, "Usiulazimishe, Rauya. Uache ule mbao wenyewe. Ukiulazimisha utakula vidole." Nilipofika miaka kumi na minne alisema karakana si mahali pa msichana anayengojea posa, nikarudishwa ndani kwa mama kukunja majani ya mzabibu. Nilinuna mwaka mzima. Mchoro wa mwisho niliomchorea ulikuwa wa mlango wa kabati: ndege hudihudi wawili, mmoja juu anaangalia chini, mmoja chini anaangalia juu, na kati yao kikonyo chembamba cha mzabibu. Aliuchonga kwa miezi minne. Nyumbani tuliuita mlango wa ndege.

Mnamo tarehe 12 Agosti mwaka jana niliolewa na Haitham. Anafanya kazi katika kiwanda cha vigae hapa Safa na alipata nyumba kwenye bahati nasibu ya serikali: vyumba viwili, sebule, jiko, choo na roshani. Chumba cha kulala ni mita tatu kwa mita tatu na sentimita ishirini. Haitham alimpa baba vipimo hivyo kwenye karatasi siku ya kuposa. Baba aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akasema, "Inshallah." Bwana afisa anajua "inshallah" ya namna ile.

Jumanne, tarehe 9 Agosti, siku tatu kabla ya harusi, samani zilikuja na malori matatu, honi zinalia toka Dumyat hadi hapa, shangazi zangu juu ya magodoro wakipiga vigelegele. Usiku uliotangulia orodha ilisomwa na kutiwa sahihi mbele ya wazee. Vitu mia moja na arobaini na tatu, mpaka vijiko vya chai na kopo la sukari. Kitu kimoja tu hakikuandikwa, ule msumeno mdogo. Niliuchukua karakanani bila kuomba, nikauviringisha ndani ya taulo. Mama aliniambia baadaye kwamba baba aliutafuta wiki nzima na akawashuku mafundi wake wote. Kama hilo ni kosa, liandikwe pia.

Baba hakuja na malori kwa sababu mgongo ulikuwa umemshika. Alimtuma msimamizi wake, Fundi Abdulwanisi. Ngazi zetu ni nyembamba, kwa hiyo kila kitu kilipandishwa kwa winchi kupitia roshani. Kitanda kilipoingia, Fundi Abdulwanisi alikaa juu yake, akaangalia ukuta huu na ukuta ule, akaniambia:

"Bibi harusi, hii ni nyumba au ni sanduku?"

"Ni nyumba, fundi."

"Basi bwana harusi alale kwenye droo. Ile ya pili kutoka chini ina hewa."

Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Likaja kabati la vyombo la sebuleni, lile la vioo, refu kunizidi kwa mikono miwili. Ukuta uliokuwa na nafasi yake ni mmoja tu, na ukuta huo ndio wenye mlango wa roshani. Wakaliweka hapo, likaziba mlango, na mafundi wakashuka kwa ngazi kimya kimya. Nilimwomba Fundi Abdulwanisi ampigie baba simu amweleze. Akanijibu, "Nimwambie fundi mkubwa kwamba amekosea kipimo? Mwanangu, mke wangu bado kijana mno kuwa mjane."

Nikampigia mwenyewe. Nilisema, "Baba, chumba ni kidogo." Akasema, "Chumba kikiwa kidogo, badilisheni chumba." Kisha mama akaichukua simu, akanong'ona, "Rauya, usimvunje moyo. Miaka kumi na sita hiyo, mwanangu." Nikanyamaza. Naomba iandikwe kwamba nilimwambia baba mara moja na nikanyamaza mara nyingi.

Nimekaa katika nyumba ile miezi saba. Kutoka mlango wa mbele hadi jikoni napita kwa ubavu, tumbo nimelivuta ndani, kati ya meza ya kulia ya watu wanane na kochi la wageni. Wageni hawaji, kwa kuwa hapa simjui mtu, na wangekuja wasingepata pa kuweka miguu. Roshani yangu naiona kupitia vioo vya kabati, nyuma ya seti tatu za vikombe ambavyo havijawahi kunywewa chai. Nguo nakausha chooni. Chumba cha kulala dirisha lipo, lakini kichwa cha kitanda kimelifunika hadi juu. Nikipanda kitandani na kubana mkono naweza kusukuma ubao mmoja wa dirisha ukafunguka kiasi cha kiganja. Mchana nawasha taa. Jengo letu lina nyumba ishirini na nne na zinazokaliwa ni tano, na chini ni mchanga na mbwa.

Mwezi wa kwanza nilinunua kopo la rangi ya manjano. Tangu nilipokuwa nakunja majani ya mzabibu nilikuwa nawaza kwamba nikipata nyumba yangu nitapaka ukuta mmoja wa manjano, mmoja tu, na chini yake nitatandika mkeka nikae kuchora. Tulitafuta ukuta huo, mimi na Haitham, tukitembea kwa ubavu. Hatukuupata. Kila ukuta ulikuwa na kitu cha baba mbele yake, na hakuna kitu tulichoweza kusogeza bila kukiondoa kingine ambacho nacho hakikuwa na pa kwenda. Kopo bado lipo chini ya meza ya jikoni. Jirani yetu wa ghorofa ya nne, Mama Bishoy, aliingia siku moja kuazima kitunguu, akasimama mlangoni akasema, "Mwanangu, una vyombo vya kulisha kanisa zima na pa kukaa paka mmoja, tena awe amekonda." Nilicheka. Alipoondoka nilikaa juu ya kitanda nikalia, kwa sababu paka mwenyewe ndiye mimi.

Sasa naeleza habari ya mlango. Kati ya kabati na mwisho wa kitanda kuna sentimita arobaini. Milango ya katikati ya kabati haifunguki yote. Naingiza mkono na kutoa nguo kwa kupapasa. Unaofunguka ni ule wa mwisho tu, mlango wa ndege, kwa sababu uko karibu na mlango wa chumba penye upenyo. Lakini mlango wa chumba unafungukia ndani. Kwa hiyo ukitaka kuufungua wa ndege, lazima kwanza uufunge wa chumba. Yote miwili haiwezi kuwa wazi kwa wakati mmoja. Tena wa ndege wenyewe ulikuwa ukisugua pembe ya kitanda kila ukifunguliwa, na kwa miezi saba skurubu za bawaba zilikuwa zikilegea. Nilikuwa naziona. Mtu huzoea.

Mnamo Jumanne tarehe 7 Machi, Haitham aliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuwahi basi la kiwanda. Niliinjika maharage ya ful kwenye moto mdogo, kama kila siku, nikaiacha simu jikoni ikichaji. Siku hiyo upepo wa vumbi ulikuwa umeanza. Mnamo saa moja na dakika hamsini niliingia chumbani kutoa shuka safi. Nikafunga mlango wa chumba, nikaufungua wa ndege. Ukasugua pembe ya kitanda, nikausukuma kidogo, bawaba ya juu ikang'oka. Mlango ukaporomoka na kukita vigaeni, ukakaa mshazari kati ya mguu wa kitanda na mlango wa chumba. Ulijikaza pale kama komeo. Bawaba ya chini ilikuwa bado imeushika.

Nilijaribu kuunyanyua. Ni mbao ya msonobari mwekundu na fremu ya mti mgumu, na baba hakuwahi kutengeneza kitu chepesi maishani mwake. Nilijaribu kusukuma kitanda kwa mgongo. Kitanda hakikuwa na pa kwenda. Nilipanda juu, nikasukuma ule ubao wa dirisha, nikapiga kelele kupitia upenyo wa kiganja: "Mama Bishoy! Enyi watu!" Mama Bishoy, kama alivyoniambia baadaye, alikuwa amekwenda sokoni. Mlinzi wa jengo alikuwa kwenye foleni ya mkate. Mbwa mmoja alinijibu. Vumbi likaniingia kinywani nikaufunga ubao.

Nikakaa kitandani nikajiambia, Rauya, tulia, Haitham anarudi saa moja jioni, utakuwa na kiu na aibu, basi. Nililala chali nikihesabu maua ya kichwa cha kitanda. Wakati huo ndipo nilipokumbuka maharage.

Mnamo saa tatu kasoro dakika chache harufu ilianza. Kwanza ya maharage yaliyoshika chini, kila mpishi anaijua. Kisha harufu ya mpini wa sufuria, ule wa plastiki. Kisha nikaona moshi ukiingia chini ya mlango, mwembamba, unatambaa vigaeni hauna haraka. Niliogopa, bwana afisa. Nasema wazi kwamba niliogopa sana, na niliona jinsi watu watakavyosema: binti ya Mutawalli amekufa katikati ya samani nzuri kuliko zote Safa.

Msumeno ulikuwa ndani ya taulo lake, kwenye droo ya meza ya kitandani. Nilipiga magoti mbele ya mlango wa ndege. Chini mbao ilikuwa nene maradufu, ningekata hadi adhuhuri. Juu sikuweza kuweka mkono vizuri kwa vile mlango ulikuwa umelala upande. Palipokuwa na wembamba ni katikati tu, pale kwenye nakshi. Bwana afisa ameniuliza kama nilifikiri kabla ya kukata. Nilifikiri. Moshi ukiwa umefika magotini, niliweka alama kwa ukucha mahali ambapo msumeno utapita kati ya hudihudi wa juu na hudihudi wa chini. Nilikata kikonyo. Ndege sikumgusa hata mmoja. Nisiulizwe kwa nini, kwa sababu mtu mwenye akili angekata popote.

Nilifunga kitambaa puani, nikauacha msumeno ule mbao wenyewe. Kila nilipotaka kuulazimisha nilimsikia baba. Fremu mbili za pembeni ndizo zilizonitesa. Kiganja kilipasuka, na bwana afisa ameandika kwamba ameona kidonda. Sijui ilichukua muda gani, nadhani nusu saa. Kipande cha juu kilipoanguka nilikivuta juu ya kitanda, nikakisukuma cha chini ubavuni, nikafungua mlango wa chumba. Jikoni moshi ulikuwa mzito na pazia la dirisha lilikuwa limeanza kukunjamana kwa joto. Nilizima gesi. Nikafungua dirisha la jiko. Kisha nikakaa sakafuni, mahali pekee nyumbani mwangu ninapoweza kunyoosha miguu, nikainyoosha.

Haitham alirudi saa moja na robo jioni. Aliona vile vipande viwili akasema, "Nani kapigana na kabati?" Nikasema, "Mimi." Akasema, "Na nani kashinda?" Ndipo alipoona sufuria na lile pazia. Aliacha utani, akaninawisha mikono kwa maji ya uvuguvugu. Alisema, "Kesho nampigia ami," yaani baba yangu, "namweleza kila kitu, na samani nusu zirudi Dumyat." Nikamwambia, "Ukimwambia nimekata mlango wa ndege, utamuua." Akasema, "Na wewe ungekufa." Nikamwambia, "Sikufa." Nilimwapisha kwa Mungu asimwambie baba kwamba ni mimi. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaapa. Vipande tulivifunga kwenye blanketi, Haitham akavipeleka darini, kando ya banda la njiwa la Mama Bishoy, mpaka tupate fundi wa kuviunga.

Jana Ijumaa, tarehe 10 Machi, saa saba na nusu mchana, mlango uligongwa. Alikuwa baba, peke yake, bila taarifa, na kikapu: bata wawili waliopikwa na mama, jibini ya kwetu, na maandazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika nyumbani kwangu. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Aliniambia, "Mgongo umepona. Nimekuja kuona kazi yangu imekaaje." Alipita kwa ubavu kati ya meza na kochi kama sisi sote, tumbo lake likigusa kiti. Aliligusa kabati la vyombo, akapuliza vumbi kwenye taji lake. Nilimwona anafurahi na sikuweza kuvumilia, nikaenda jikoni kupakua bata. Yeye akaingia chumbani.

Kisha nikamsikia, "Mlango wa ndege uko wapi?"

Nilitoka na sinia mkononi. Haitham alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Alinitazama, kisha akamtazama baba.

"Niliukata, ami. Ulikwama."

"Ulikwama? Mlango wangu? Miaka arobaini sijafunga mlango ukakwama."

"Ulikwama, ami. Nisamehe."

"Wewe hata msumari hujui kupigilia! Uko wapi? Nionyeshe." Haitham alinitazama tena. Baba akasema, "Umeuza. Nakshi ile kila mtu anaitamani. Umeuza mlango wa binti yangu halafu unaniambia ulikwama." Kisha akanigeukia mimi. "Rauya, ni kweli alichofanya huyu?"

Nilikuwa nimeshika sinia la bata. Sikuliweka chini, na sikusema kitu. Hilo ndilo ninaloona aibu nalo, bwana afisa. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane, nilihesabu maua ya ukingo wa sinia, na mume wangu akaendelea kuwa mwongo na mwizi mbele ya baba yangu kwa sababu alikuwa ameniapia. Moshi ulinipa nguvu ya kukata mbao, lakini mbele ya uso wa baba sikupata nguvu ya kusema maneno mawili.

Baba aliondoka bila kula. Alikuwa na orodha mfukoni, huwa anatembea nayo, na hati ya uwakala niliyompa kabla ya harusi asimamie mali yangu. Saa kumi jioni askari wawili walikuja kumchukua Haitham. Waliniambia hilo ni shauri la uvunjaji wa amana na kwamba mtu hufungwa. Haitham alipokuwa anavaa viatu nilimwambia nitasema. Akanijibu, "Mwache ami apoe kwanza. Kula, bata atapoa." Baba alirudi jioni akaniambia kupitia mlangoni, hakutaka kuingia, "Kusanya nguo zako. Kesho baada ya kituo tunarudi Dumyat. Chumba chako cha zamani kipo." Nilimwambia, "Ndiyo, baba." Hata hapo nilisema ndiyo.

Sikulala. Chumba changu cha zamani nakikumbuka. Kina nafasi kubwa, na dirisha lake linatazama karakana ambayo siruhusiwi kuingia. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha baba, nyuma yangu dirisha lililozibwa, mbele yangu kabati lenye pengo, na nguo zetu zinaonekana ndani kama watu waliobanana kwenye lifti. Nikaona kwamba nikienda nazibwa, nikibaki nazibwa, na aliyefungwa kwa kufuli halisi ni yule ambaye hakukata kitu. Asubuhi nilimwomba Mama Bishoy gari la mizigo la kaka yake. Nimekuja na vipande vyote viwili na msumeno. Mama Bishoy alishika upande mmoja kwenye ngazi, anahema, akisema, "Huu mlango umekataa kufa, mwanangu. Hata nusu yake ina uzito wa mume." Viko hapo mlangoni ndani ya blanketi.

Bwana afisa amenieleza kwamba nikisema ni mimi, shauri la mume wangu linaanguka, lakini inaweza kuulizwa kwa nini baba alileta malalamiko yasiyo ya kweli. Naomba iandikwe hivi: baba hakusema uongo. Alisema alichoambiwa. Aliyemwambia alikuwa ameapishwa, na aliyemwapisha ni mimi. Vitu vilivyomo katika orodha ni vyangu, na niliyekata ni mimi mwenye mali. Sina malalamiko juu ya Haitham Zaghlul, isipokuwa kwamba anatii kupita kiasi. Juu ya baba yangu sina malalamiko pia. Ninampenda na ninamwogopa, na samani zake ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na siwezi kupumua ndani yake. Nataka mume wangu arudi nyumbani leo. Nataka ukuta mmoja ninaoweza kuufikia kwa brashi. Dumyat siendi.

Niliyoyaona na niliyoyatenda kwa mikono yangu ndiyo hayo, na sikuacha lolote isipokuwa ambalo sikuulizwa. Nimesomewa, nimesikia, ni yangu.

(Sahihi) Rauya Mutawalli

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yamechukuliwa nami kwa mkono na kusomwa kwa shahidi, naye ameyakubali bila kushurutishwa. Vielelezo vimepokelewa: vipande viwili vya mlango wa kabati wenye nakshi, na msumeno mmoja mdogo wenye mgongo wa shaba.

Saa 6:20 mchana vielelezo vilionyeshwa kwa mlalamikaji, Fundi Mutawalli Shihata, kabla ya kusomewa maelezo. Alipiga magoti sakafuni, akavikutanisha vipande viwili, akapitisha kidole gumba kwenye mkato wote kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Alisema, "Hakumgusa ndege." Nilimuuliza anamaanisha nani. Alipitisha tena kidole kwenye mkato. Alipoonyeshwa msumeno alisema ni wake na kwamba ulipotea mwezi wa Agosti.

Kwa ombi lake shahidi aliitwa. Alimuuliza chumba kina upana gani. Shahidi alijibu mita tatu, kwa mita tatu na sentimita ishirini. Mlalamikaji alitoa mfukoni orodha ya vitu, na ndani yake karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne, akaifungua, akaisoma, akakaa kwenye kiti changu bila kuomba ruhusa. Nilimwacha. Alisema, "Mbona hukuniambia?" Shahidi alisema, "Nilikuambia, baba." Nilimsomea maelezo yote, naye aliomba nirudie mara ya pili sehemu ya moshi.

Mlalamikaji ameondoa malalamiko yake kwa maandishi, saa 7:15 mchana. Mtuhumiwa ameachiwa. Vipande vya mlango vimerudishwa kwa shahidi, ambaye ni mwenye mali.

Nilitaka kumrudishia shahidi msumeno pia, lakini mlalamikaji aliushika, akayatazama meno yake kwenye mwanga wa dirisha, akasema umekuwa butu, ataunoa kwanza ndipo ampe, kwa sababu bado kuna kabati la vyombo mbele ya mlango wa roshani.

(Sahihi) Luteni Usama Fikri